Dar hadi Unguja: ndege ya dakika 20 au boti ya saa mbili?

Kilomita 73. Huo ndio umbali wa angani kati ya Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, na ule wa Abeid Amani Karume, Unguja. Ukiingiza DAR na ZNZ kwenye kikokotoo cha mtandaoni utaletewa namba hiyo au jirani yake, na chini yake muda wa safari: dakika 35. Ukienda kukata tiketi unakuta kampuni moja imeandika dakika 20, nyingine 25. Siku ya safari yenyewe unatoka Kariakoo saa kumi na dakika arobaini na tano, giza bado, na unafika Shangani, ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, saa mbili na dakika kumi, jua limeshapanda. Hizo si dakika 35. Ni saa tatu na dakika ishirini na tano.

Mama yangu ni mtu wa Jambiani, baba wa Ilala, kwa hiyo bahari hii nimeivuka tangu nikiwa mgongoni. Harusi, arubaini, Idi, kumpeleka bibi hospitali: safari zote zimepita ama bandarini ama Kipawa, uliko uwanja wa ndege wa Dar. Na kila mgeni anayefikia kwangu huuliza swali lile lile, nipande boti au ndege? Watu wengi humjibu kwa bei tu. Bei ina neno lake, nitaifikia, ila mimi huanza kwa kumuuliza mtu mambo matatu: unatokea wapi hapa Dar, unaishia wapi kule, na tuko mwezi gani. Akishayajibu, mara nyingi hata pochi haijafunguliwa na tumeshajua apande nini.

Hiyo 73 inatokea wapi

Umbali huu una raha yake: unaupata kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa Nyerere uko nyuzi 6 na dakika 52 kusini ya ikweta. Uwanja wa Karume uko nyuzi 6 na dakika 13. Kwa upande wa mashariki vyote viwili vimekaa karibu mstari mmoja, nyuzi 39 na dakika 12 kwa 13, maana yake ndege ikishatulia angani pua yake inatazama kaskazini moja kwa moja. Basi toa 13 kwenye 52, zinabaki dakika 39. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, na maili ya baharini ni mita 1,852. Zidisha: kilomita 72 na ushei. Rudisha zile sekunde nilizozitupa, unapata 73. Dakika hizi za ramani ndizo dakika pekee za safari hii ambazo hazibadiliki.

Dakika za saa ni habari nyingine. Vikokotoo vingi vimepangwa kwa ajili ya safari ndefu: vinachukua mwendo wa jeti, kama kilomita 800 kwa saa, kisha vinaongeza nusu saa ya kuruka na kutua. Kwa Dar na Mwanza hesabu hiyo inasogea karibu na ukweli. Kwa Dar na Unguja inachekesha, kwa sababu dakika tano na nusu ndiyo safari, dakika thelathini ndiyo nyongeza. Tena njia hii kwa sehemu kubwa si ya jeti. Ni ya ndege za pangaboi: ATR za Precision Air, Dash 8 ya Air Tanzania, na Cessna Caravan, kale kandege ka injini moja, za kampuni kama Auric Air. ATR ikiwa kwenye mwendo wake wa kilomita 500 kwa saa ingemaliza kilomita 73 kwa dakika tisa, ila haipati nafasi ya kutulia kwenye mwendo huo; ikimaliza kupanda inaanza kushuka. Caravan inakwenda kama 300 kwa saa, yaani dakika kumi na tano hivi. Ndiyo maana kwenye tiketi zinaandikiwa muda unaokaribiana, ingawa moja ina mbio za kuizidi mwenzake kwa mbali.

Upepo nao unadai chake. Njia ya kurukia ya Unguja imelala kaskazini na kusini. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, ndege inayotoka Unguja inaruka ikitazama kusini, tayari inaitazama Dar. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, inaruka kuelekea mjini, inazunguka, ndipo inashika njia. Ni dakika mbili tatu tu, lakini kwenye safari ya dakika ishirini dakika mbili ni sehemu ya kumi.

Sasa ajabu ninayoipenda mimi: boti nayo inavuka umbali ule ule. Kutoka bandari ya Dar hadi Malindi, bandari ya Unguja, ukinyoosha uzi, ni kama kilomita 74. Kwa hiyo hapa hatulinganishi njia fupi na njia ndefu, kama ilivyo Dar na Mwanza ambako basi linazunguka nchi nzima wakati ndege inakata katikati. Hapa njia ni sawasawa. Mmoja anaipita kwa mbio za mamia ya kilomita kwa saa, mwingine kwa arobaini na kitu. Na bado, kutoka mlango wa nyumba hadi mlango wa nyumba, wanafika wamepishana kidogo kuliko unavyodhani.

Toka Kariakoo, fika Shangani

Nimepanga hapa safari tatu, zote za saa moja asubuhi, kwa muda ninaoutumia mimi mwenyewe. Saa ni zetu, si zile za kwenye tiketi. (Tiketi inaandika 07:00, na mjomba wangu mmoja aliwahi kufika uwanjani saa saba mchana, koti limenyooka, akiuliza ndege iko wapi.)

| | Boti | ATR au Dash | Ndege ndogo |
|---|---|---|---|
| Kutoka nyumbani | 11:50 | 10:45 | 11:25 |
| Kufika bandarini au uwanjani | 12:10 | 11:20 | 12:00 |
| Kuondoka | 1:00 | 1:00 | 1:00 |
| Kufika upande wa pili | 2:50 | 1:25 | 1:20 |
| Kutoka nje na mzigo | 3:05 | 1:50 | 1:30 |
| Shangani | 3:20 | 2:10 | 1:50 |
| Jumla | saa 3 na dakika 30 | saa 3 na dakika 25 | saa 2 na dakika 25 |

Angalia safu mbili za kwanza. Dakika tano! Anayepanda ATR anawahi kufika, ndiyo, lakini ameuza usingizi wa saa nzima na dakika tano ili awahi saa moja na dakika kumi. Kama unakwenda kwenye kikao cha saa tatu asubuhi Vuga au Mnazi Mmoja ya Unguja, biashara hiyo inalipa, maana boti ya kwanza itakufikisha umechelewa. Kama huna kikao, unajitesa bure.

Anayeshinda kweli ni ndege ndogo, na ushindi wake hauko angani. Kama nilivyosema, angani ndiye anayekokota. Anashinda chini: hakuna foleni ya watu sabini, hakuna mkanda wa mizigo wa kusubiri, begi lako unaliona likitolewa tumboni mwa ndege, na unalo mkononi kabla hujamaliza kujinyoosha. Tofauti hii inaanzia kwenye jengo. Ndege hizi ndogo zimezoea kutumia Jengo la Kwanza, lile la zamani, dogo, ambako kutoka kwenye teksi hadi kwenye kiti cha kusubiria ni hatua za kuhesabu. Hizo nyingine za ndani zinatumia Jengo la Pili, lile lenye paa la vibanda lililofunguliwa mwaka 1984, kazi ya Paul Andreu, Mfaransa yule yule aliyechora uwanja wa Charles de Gaulle wa Paris. Jengo la Tatu, lililoanza kazi Agosti 2019, ni la safari za nje. Mwambie dereva jina la jengo kabla hajaingia getini. Kukosea jengo alfajiri, na begi mkononi, ni adhabu.

Ila ndege ndogo ina masharti yake. Mzigo ni kilo 15, na begi laini, si sanduku gumu la magurudumu. Na wewe mwenyewe unapimwa. Mwaka juzi nilimpeleka shangazi yangu, mwanamke wa miraba minne, kwenye harusi ya upande wa mama. Kijana wa kaunta akamsalimia kwa adabu zote.

"Shikamoo mama. Naomba upande hapa kwenye mizani, na mkoba wako."

"Marahaba mwanangu. Kwani mimi gunia la mkaa?"

"Tunapimwa wote mama. Ni kwa ajili ya kupanga viti tu."

Wakapanga viti. Rubani, kijana wa umri wa wanawe, akaja akamwambia, "Shangazi, wewe utakaa mbele na mimi." Nilikuwa kiti cha nyuma yake, niliona yote. Mbele ya magoti yake kuna usukani wa pili, na kila rubani alipougeuza wa kwake, ule wa shangazi nao uligeuka wenyewe. Shangazi alikumbatia mkoba kifuani kwa dakika ishirini, hakuthubutu hata kukohoa. Tulipita juu ya Ubungo, juu ya Kunduchi, kisiwa cha Mbudya kikaonekana kama kipande cha chapati kwenye sahani ya buluu, halafu maji matupu, halafu Chumbe kushoto na mnara wake wa taa wa mwaka 1904. Harusini nzima hakuzungumzia maharusi, alizungumzia usukani.

Unatokea wapi, unaishia wapi

Hesabu ya Kariakoo haiwafai watu wa Gongo la Mboto. Ukikaa Ukonga, Kipawa, Pugu, hata Buguruni na Tabata kwa kiasi chake, uwanja uko mlangoni na bandari iko ng'ambo ya foleni. Kwenu ndege inaongeza ushindi wake kwa nusu saa nzima. Ukikaa Kigamboni ni kinyume: pantoni la Magogoni linakuacha Kivukoni, boti ziko mwendo wa miguu. Watu wa Kimara na Mbezi wana mwendokasi. Unashuka Posta ya Zamani, unavuka barabara, umefika. Sinza, Mwenge na Mikocheni mko katikati, na kwenu jibu linategemea saa. Alfajiri popote ni karibu. Saa moja na nusu asubuhi, popote ni mbali. Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, limeondoa lile fundo la zamani la Nyerere na Mandela, lakini foleni haikufa, imesogea tu.

Kwa wanaotoka bara, swali linajibiwa na chombo ulichokuja nacho. Treni ya SGR kutoka Dodoma na Morogoro inaishia katikati ya jiji, stesheni si mbali na bandari, kwa hiyo ukishuka hapo halafu ukapanda teksi kwenda Kipawa unarudi ulikotoka, maana reli yenyewe imekupitisha Pugu. Panda boti. Aliyekuja na ndege kutoka Mwanza au Mbeya asitoke uwanjani. Kumtoa Kipawa hadi Sokoine Drive saa za jioni, apange foleni ya boti, kisha akae baharini saa mbili, ni ukatili usio na sababu isipokuwa pesa imebana. Na ndugu wanaokuja likizo kutoka Muscat au Ulaya wakitua Dar na masanduku manne, hao nawaambia wasihangaike na kimoja wala kingine siku ile ile. Walale. Au mwakani waulize kwanza kama kuna ndege inayowafikisha Unguja moja kwa moja, maana zipo, za Dubai na Doha kwa mfano, na safari nzima ya Dar inafutika.

Upande wa pili wa maji, boti inakushusha Malindi, mlangoni mwa Mji Mkongwe. Kama hoteli yako iko Shangani, au unakwenda Darajani kununua vitu, hutahitaji hata gari. Hamali atabeba sanduku kwa mkokoteni. Uwanja wa Karume uko kusini mwa mji, kilomita saba hivi, na daladala namba 505 inakwenda mjini kwa nauli ndogo, ingawa ukiwa na mabegi makubwa kondakta atakutazama kwa jicho la pembeni.

Lakini wageni wengi hawaendi Shangani, wanakwenda ufukweni, na hapo ramani inagawanyika. Paje, Jambiani, Makunduchi, Bwejuu: uwanja wa ndege uko upande wenu tayari, mnatoka mnakwenda zenu Tunguu bila kuugusa mji. Kwa watu hawa ndege ina faida ambayo tiketi haiionyeshi, nusu saa ya kukwepa foleni za mjini. Nungwi, Kendwa, Matemwe: mko kaskazini, na Malindi ndiyo iko upande wenu, mnachukua barabara ya Bububu moja kwa moja. Hapo boti inajirudishia muda wake. Nimeona watu wakilipa ndege ili wawahi Nungwi, kisha wakakaa kwenye teksi wakiukata mji mzima kutoka kusini, na walipofika wakakuta wenzao wa boti wanakunywa madafu.

Pesa, kwa ufupi

Nauli hubadilika, kwa hiyo nitatoa uwiano tu. Kwa mwananchi mwenye kitambulisho, ndege huwa mara tatu, nne au zaidi ya boti ya daraja la kawaida. Mgeni hutozwa boti bei ya kigeni, kubwa kuliko yetu kwa mbali, kwa hiyo kwake pengo linapungua hadi ndege inaanza kuwa na maana. Ongeza teksi ya Kipawa na teksi ya Kisauni, uliko uwanja wa Unguja, upande wa ndege. Ongeza chai na andazi upande wa boti. Familia ya watu watano, boti, hakuna mjadala. Tiketi ya boti ikate mtandaoni au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe. Wale vijana wanaokudaka mkono nje ya geti la bandari wakikuita mkubwa, bosi, dada, hawana tiketi ya bei nafuu kuliko ya dirishani. Hawajawahi kuwa nayo.

Mzigo pia ni pesa. Boti inavumilia maboksi ya halua, madumu ya mafuta ya nazi, kapu la shokishoki. Ndege itayapima moja moja. Doriani usilipeleke kwenye ndege hata kama limefungwa kwa magazeti manne. Abiria wote watajua ni lako. Ukinunua televisheni mpya Unguja, hifadhi risiti, kwa sababu bandarini Dar unaweza kuulizwa habari ya ushuru.

Bahari ina miezi yake

Hapa ndipo wageni wanapokosea zaidi, kwa sababu ratiba ya boti ni ile ile mwaka mzima na inawadanganya kwamba safari nayo ni ile ile.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari ya Unguja miezi hiyo kwa kawaida ni ya kupikia chai. Kusi hushika Aprili hadi Septemba, na kuanzia Juni hadi Agosti hukomaa. Kati yao kuna maleleji, pepo zinapopokezana, na maji hulala kama mafuta. Boti za siku hizi ni nzuri. Zile za Kilimanjaro zinazotawala njia hii nyingi ziliundwa Tasmania, Australia, kwa alumini, zenye mitumbwi miwili iliyounganishwa, na hazitikisiki ovyo. Lakini chombo cha mbio kikikutana na wimbi uso kwa uso kinaruka na kupiga, kinaruka na kupiga, na tumbo lako linafanya vivyo hivyo.

Ukitoka Dar kwenda Unguja unaelekea kaskazini, kwa hiyo wakati wa kusi upepo unakusukuma mgongoni. Boti inateleza, inayumba kwa utaratibu, mtoto analala. Kurudi ndiko kwenye kazi: unakwenda kusini, wimbi linakuja kusini, mnagongana njia nzima. Nilirudi hivyo mwezi wa saba mmoja, baada ya kula biriani ya harusi saa sita mchana kama mtu asiye na akili. Nilijua kuna jambo pale wahudumu walipoanza kugawa vifuko kabla hata hatujapita Chumbe, bila mtu kuomba, wakitabasamu. Mama mmoja wa Kipemba aliyekaa pembeni yangu akaniona nimekazana na simu.

"Mwanangu, weka hiyo simu. Tazama nje, pale mbali maji yanapoishia."

"Siyaoni maji yanapoishia mama, yanapanda na kushuka."

"Basi fumba macho, umtaje Mola."

Nikafumba. Haikusaidia. Nusu saa baadaye nilikuwa nimeshatumia vifuko viwili na ananipepea kwa gazeti, huku mwenyewe anakula ndizi. Niliposhuka Dar, lami ya Sokoine Drive ilikuwa bado inapanda na kushuka.

Tangu hapo nina kanuni zangu. Kiti cha nyuma, sitaha ya chini, karibu na katikati. Huko mbele ndiko panaporuka zaidi. Mkate mkavu na tangawizi, si chai ya maziwa. Boti ya asubuhi kuliko ya alasiri, kwa kuwa upepo hupata nguvu jua linapopanda. Na kabla ya kukata tiketi mwezi wa sita hadi wa nane, tazama kwanza taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa tahadhari ya mawimbi, ichukulie kwa uzito hata kama boti haijaahirishwa. Watu wa hapa wana sababu. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, MV Skagit iliyotoka Dar ilizama karibu na Chumbe, na nyumba nyingi za Unguja bado zina jina la mtu ambaye alikuwa ndani yake. Boti za sasa ni za aina nyingine kabisa, ila kuna wazee wa kwetu Jambiani ambao tangu siku ile hawajapanda chombo cha maji mwezi wa saba, na sijawahi kubishana nao.

Ndege nayo isijione malaika. Wakati wa masika wingu likikaa juu ya uwanja, safari ya dakika ishirini inaweza kukuweka chumba cha kusubiria saa mbili, na Caravan ikiingia kwenye wingu zito inakumbusha kwamba ni ndogo. Ila mtikisiko wake ni wa dakika tano, si wa saa mbili. Mwenye tumbo jepesi, mjamzito, mgonjwa, au bibi mwenye mgongo, kuanzia Juni hadi Agosti mpandishe ndege bila kujali anatokea wapi. Hapo sihesabu tena dakika.

Kuna mtego mmoja wa kurudi. Kama una ndege ya usiku ya kwenda nje kutoka Dar, boti ya mwisho ya alasiri inaingia Dar mnamo saa kumi na mbili jioni, ndiyo saa Nyerere Road imefunga. Ndege ya saa sita usiku utaiwahi. Ya saa tatu, usijaribu. Rudi na boti ya mchana au panda ndege ya ndani ikushushe Kipawa penyewe. Na tiketi mbili ulizokata mbalimbali hazijuani. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala hakuna wa kukufidia.

Watu huuliza, basi wewe mwenyewe unapanda nini? Mimi sikati tena tiketi ya kwenda na kurudi bila kutazama mwezi. Mwezi wa saba nakwenda na boti, kusi ikinisukuma, nakaa juu nje na kahawa yangu, narudi na ndege. Januari nakwenda na boti narudi na boti, bahari imelala. Na kila ninapokwenda Jambiani na shangazi, naambiwa mapema, kwa simu, wiki mbili kabla: kata ile ndege ndogo, na umwambie yule kijana kiti cha mbele ni changu.